Warefu wa Ziba

Ukishateremka mlima Sekenke, nchi inalala. Kutoka Shelui kwenda Igunga basi linakata mbuga ya Wembere, tambarare inayojaa maji mvua zikikubali na kupasuka nyufa jua likikaza, na jicho halipati cha kushika zaidi ya ng'ombe, fimbo na mchungaji. Hapa kijana mrefu huonekana tangu mbali. Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, jirani yangu wa kiti, aliniuliza nafuata nini huku. Nikamwambia nafuata wachezaji wa mpira wa kikapu, hasa warefu. Akanyoosha kidole dirishani. "Si hao hapo, mwanangu. Wataturu hao. Wazazi wao wamewapa miguu, ila mpira wao ni ng'ombe."

Swali nililosafiri nalo ni hili: mtu anayemchagua kijana mrefu, awe skauti wa timu ya Marekani au mwalimu wa michezo wa shule ya kata, anatazama nini, na anaacha kutazama nini?

Ninalo swali hili tangu Juni 2009. Usiku wa tarehe 25 mwezi huo, New York, kwetu alfajiri ikiwa imekaribia, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam awe mchezaji wa 2 katika drafti ya NBA. Kwa msomaji asiyeifuata, drafti ni zamu: timu za ligi hupokezana kuchagua vijana wapya, na zile zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo huchagua mapema. Blake Griffin alikuwa wa 1. James Harden alifuata baada ya Hasheem, wa 3. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya 7. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amecheza NBA kabla ya hapo, na asubuhi ile hata watu wasiojua kikapu kina pointi ngapi walikuwa wakilitamka jina la Memphis.

Wachaguzi hawakubahatisha. Hasheem ana mita 2.21. Aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15, akacheza Makongo, akaenda kusoma sekondari Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Katika msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mchezo. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Miaka miwili mfululizo alitajwa beki bora wa ligi ya Big East, na timu yake ikafika nne bora ya taifa. Ukiweka karatasi hiyo mezani, nani angempita?

Yaliyofuata yanajulikana. Michezo 224 ya NBA, wastani wa pointi 2.2. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimpeleka Dakota Wizards katika ligi ya kukuza vipaji, na wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Houston, Portland, Oklahoma City, baadaye Japani na Taiwan. Kule Marekani jina lake huwekwa katika orodha za machaguo mabaya zaidi ya drafti. Mimi orodha hizo huniudhi. Zinamhukumu kijana kwa uamuzi ambao hakuufanya yeye, na hazimwachii mwalimu wa Igunga kitu cha kufanyia kazi Jumatatu asubuhi.

Kuna mambo mawili ambayo karatasi ile haikuyasema, na yote mawili yalikuwa wazi kwa aliyetaka kuyaona.

La kwanza ni sheria. Katika mchezo wa vyuo vya Marekani beki anaweza kusimama chini ya goli lake muda wote apendao. NBA ilianza mwaka 2001 kumkataza beki asiyemkaba mtu kwa karibu kukaa ndani ya eneo lile zaidi ya sekunde 3. Sifa ya Hasheem ilijengwa hapo hapo, kwenye kusimama mlangoni na kufuta makosa ya wenzake. Siku alipovuka kuingia ligi ya kulipwa, kazi ikawa nyingine: toka, rudi, toka tena, mfuate mfupi mwenye mbio hadi karibu na mstari wa pointi 3, geuka, uwahi ribaundi. Mikono iliyomfikisha pale ilikuwa bado ile ile. Sasa alidaiwa miguu.

La pili lilitokea Hartford tarehe 16 Februari 2009, siku Hasheem alipotimiza miaka 22. Connecticut walikuwa wa 1 nchini, wakacheza na Pittsburgh. Aliyemkabili chini ya kikapu ni DeJuan Blair, kijana mpana mwenye mita 2.01 hivi, mfupi kwake kwa sentimita 20. Blair alipata pointi 22 na ribaundi 23, Hasheem pointi 5 na ribaundi 4. Katika purukushani moja Blair alimrusha juu ya bega lake mpaka chini. Picha za tukio hilo zilirudiwa sana na watu wakacheka, lakini mwalimu wa michezo angelitazama kwa jicho jingine. Nyonga za Hasheem ziko juu. Anayeingia chini yake akiwa amekunja magoti anamwondoa ardhini. Kulizuia hilo kunahitaji miaka ya kujifunza kukaa chini, kutanua nyayo, kupokea uzito wa mtu kabla hajakufikia, na miaka ndiyo aliyopungukiwa. Kutoka mpira wa kwanza mpaka drafti ilikuwa ni miaka 7 tu. Curry, aliyechaguliwa nafasi tano nyuma yake, ni mtoto wa Dell Curry aliyecheza NBA, na alikua akishika mpira huo huo tangu utotoni. Usiku mmoja, jukwaa moja, wakapangwa kwenye foleni moja kana kwamba saa zao zilianza kugonga pamoja.

Na Blair? Alisubiri mpaka nafasi ya 37, kwa sababu madaktari walikuta magoti yake yote mawili hayana kano za msalaba za mbele. Mizani ya drafti ina haki ya kuogopa magoti. Ninachoona ni kwamba ilipima magoti ya mmoja kwa ukali kuliko ilivyopima nyayo za mwingine.

Ziba

Ziba ni kata ya Wilaya ya Igunga. Pamba, mpunga, alizeti na ng'ombe ndivyo vinavyosomesha watoto, na asubuhi salamu ni "Mwangaluka" kabla ya "Habari". Nilifika shuleni wakati wa michezo ya jioni. Mwalimu wa michezo, kijana mwenye filimbi shingoni na chaki bado mkononi, alinikaribisha kwa maneno ambayo nimeyasikia shule nyingi za bara: "Karibu sana kaka, uwanja tunao, mpira tunao mmoja."

Uwanja ni udongo uliopigwa ukaiva. Nguzo ni bomba la chuma na pete ameichomelea fundi wa pale sokoni, bila wavu. Ubao wa nyuma ni mbao za mninga, nzito, na mpira ukiugonga hurudi na kishindo. Vijana walikuwa wengi, na mmoja aliwazidi wote kwa kichwa kizima na shingo. Wanamwita Hashimu. Jina alilopewa na wazazi wake ni jingine, na sitaliandika. Yuko kidato cha tatu, na tangu kidato cha kwanza, mwalimu aliniambia, amekuwa akikua "kama anafukuzwa".

Zoezi lilipoanza mwalimu alimwita, akamweka chini ya pete, akamwambia: "Kaa hapo hapo, usitoke." Wenzake wakashambulia. Hashimu akainua mikono. Walioona mikono ile wakapiga pasi pembeni, na wasioiona wakazibwa. Wote tulishangilia, na mimi nikiwemo, kwa sababu kuna raha yake kuona mtupo ukikatwa hewani.

Kisha nikakaa chini na kuanza kuandika nilichokuwa nakiona. Mpira ukipasiwa kwake kifuani aliudaka kwa viganja, vidole vikiwa nyuma. Akiudaka, aliushusha hadi kiunoni kabla ya kuupandisha, na hapo kila mfupi alikuwa na zamu yake ya kuupokonya. Akigeuka, aligeukia upande mmoja tu, wa kulia. Akiruka, alitua kwa mguu mmoja, goti limenyooka, jambo ambalo lingemtisha daktari yeyote wa michezo. Alipozuia mtupo, macho yake yalikuwa kwenye mpira. Miguu ya aliyekuwa akija hakuitazama kamwe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni kosa lake. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu kingine zaidi ya kukaa pale.

Upande wa pili wa uwanja wasichana walikuwa na netiboli yao, na huko ndiko nilikobaki muda mrefu kuliko nilivyopanga. Netiboli haimruhusu mwenye mpira kutembea. Ukidaka, mguu uliotulia nao unabaki mahali pake, wa pili ndio unaozunguka, na una sekunde 3 za kuutoa. Msichana aliyekuwa akifunga alikuwa mrefu, pengine mrefu kuliko mvulana yeyote pale isipokuwa Hashimu, na nyayo zake zilikuwa za mtu mzima wa mchezo: anapokea hewani, anatua kwa miguu miwili, anazungusha nyonga, anatafuta pembe, anatupa. Pasi ilipomjia chini aliinama kwa magoti, mgongo umenyooka. Kila alichokosa Hashimu, yeye alikuwa nacho, na alikipata kwa miaka ya kucheza mchezo unaoadhibu hatua ya ziada.

Mwalimu alipokuja kukaa nami nikamwonyesha. Pete ya netiboli iko mita 3.05 kutoka ardhini, na kikapu kiko mita 3.05 hizo hizo. Tofauti ni kwamba ya netiboli ni nyembamba zaidi na haina ubao. Kwa nini basi Hashimu asipelekwe huko walau jioni moja kwa wiki, acheze na wasichana, akatazwe kutembea? Mwalimu alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akasema: "Watamcheka, kaka." Nikamwambia watamcheka wiki mbili. Akasema: "Ngoja niongee na mwalimu wa netiboli, yule dada ni mkali, lakini ananisikiliza."

Baada ya kikapu ulikuja mpira wa miguu, na Hashimu akaenda golini. Ndipo nilipoona kijana mwingine kabisa. Mshambuliaji alipobaki naye peke yake hakungoja mstarini. Alitoka mbio, akapunguza pembe, akasimama, akakunja magoti, akasubiri. Macho yalikuwa kwenye mguu wa mwenye mpira. Chini ya pete ya kikapu kijana huyu huyu alikuwa amesimama wima kama mlingoti.

Hapo nilimfikiria Hakeem Olajuwon. Alikulia Lagos akicheza mpira wa miguu na mpira wa mikono, golini, na kikapu alikigusa akiwa na miaka kama 15, umri ule ule wa Hasheem. Mwaka 1984 Houston Rockets walimchagua wa 1, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa 3, na mpaka leo hakuna wa Houston anayejuta. Alizuia mitupo 3,830, mingi kuliko mtu yeyote tangu NBA ianze kuihesabu. Anayemfuata ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa, 3,289. Kwa hiyo kuchelewa kuanza kikapu si hukumu yenyewe. Kinachopaswa kuulizwa ni kijana huyo alikuwa akicheza nini kabla ya hapo, na miguu yake ilijifunza nini huko. Karatasi za skauti nilizowahi kuzisoma zina safu ya urefu, ya upana wa mikono iliyonyooshwa, ya kimo cha mkono ulioinuliwa, ya uzito. Safu ya "alikuwa akicheza nini akiwa na miaka 10" sijaiona.

Nilimwambia mwalimu habari ya Olajuwon na lile goli la Lagos. Akaiandika kwenye daftari la maandalio ya somo.

Kwihara

Kutoka Nzega barabara inashuka kusini kuelekea Tabora, na ukikaribia mji miembe inaanza kukusindikiza. Kwihara iko nje kidogo ya mji. Tembe lililojengwa upya pale ni makumbusho ya Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872 baada ya kurudi na Stanley kutoka Ujiji, hadi Agosti alipoondoka na wapagazi waliotumwa kutoka pwani. Wageni huja kwa ajili ya Livingstone. Mimi nilikuja kwa ajili ya wapagazi.

Unyanyembe, nchi hii inayozunguka Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara. Barabara moja ilitoka Bagamoyo, nyingine ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini Karagwe na Buganda. Hapa mizigo ilifunguliwa na kufungwa upya, na hapa watu walichaguliwa. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila 2, kama kilo 32, na safari kutoka pwani mpaka hapa ingeweza kuchukua miezi mitatu au zaidi. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba. Mtu aliyechaguliwa vibaya hakugundulika siku ya kwanza. Aligundulika Ugogo, maji yakiwa mbali na mzigo ukiwa bado kilo 32.

Burton aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wao walianza wakiwa wadogo kabisa kujifunza kubeba begani vipembe vidogo vya ndovu. Wapagazi wa pwani walibeba kichwani, Wanyamwezi begani. Kwa hiyo bega lenyewe lilikuwa hati: sugu yake ilimwambia mwenye msafara mtu huyu ametembea mara ngapi, na kwa muda gani. Mapembe makubwa walipewa mabingwa, nao waliyafunga njuga za ng'ombe kwenye ncha, wakatembea mbele wakisikika. Urefu haukuwapa nafasi hiyo. Walipewa kwa sababu walikwisha kufika pwani na kurudi.

Nilisimama muda mrefu kwenye ua wa lile tembe nikilinganisha. Mwenye msafara alikuwa akipima miaka iliyokwisha kuingia mwilini. Drafti hupima mwili na kudhani miaka itaingia baadaye, halafu timu inayochagua haina subira ya kuingoja. Memphis walikuwa tayari na Marc Gasol pale katikati, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007 na baadaye, 2013, akatajwa beki bora wa NBA nzima. Hasheem aliyehitaji kucheza sana ili ajifunze alipewa dakika chache, kwa sababu alikuwa hajajifunza.

Lakini siwezi kuisifu njia ile nikaishia hapo. Barabara waliyopita mabingwa wenye njuga ndiyo waliyopita watumwa wenye kongwa shingoni, na nao pia walikaguliwa: meno, mikono, kifua. Kupima miili ya vijana wa Kiafrika kuna historia kwenye udongo huu, na mtu anayepita Kwihara akiwa na futi kamba mfukoni anapaswa kuijua. Tofauti kati ya mpagazi na mtumwa ilikuwa mapatano: mpagazi alijadili posho na ujira wake, na akidhulumiwa aliutua mzigo porini akaondoka. Kijana anayetazamwa na skauti leo naye anapaswa kuwa na mtu upande wake anayejua kusoma mkataba, na mzazi anayeelezwa kila kitu kwa lugha yake. Hilo kwangu liko juu ya kipimo chochote cha mikono.

Njia ya kwenda Katanga

Kutoka hapa watu walikwenda mbali. Msiri, Msumbwa wa pande za Tabora, alifuata biashara ya shaba mpaka Katanga katikati ya karne ya 19, akajijengea dola huko Bunkeya na kuitawala hadi alipouawa Desemba 1891. Wafuasi wake, Wayeke, bado wako. Na Kiswahili, kilichopita njia hizi, kinasikika leo Lubumbashi, katika Katanga hiyo hiyo.

Lubumbashi imetoa warefu wawili ambao kila skauti angewaweka ukurasa mmoja. Bismack Biyombo alizaliwa 1992. Kocha Mario Palma alimwona kwenye mashindano Yemeni, akampeleka Hispania. Aprili 2011, katika mchezo wa Nike Hoop Summit unaokusanya vijana bora wa dunia, alipata pointi 12, ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika pale. Miezi miwili baadaye alichaguliwa wa 7. Ana mita mbili na ushee tu, lakini mikono yake iliyonyooshwa ina upana wa mita 2.3 hivi. Hakuwa mfungaji hata siku moja, na amedumu zaidi ya miaka 10 kwenye ligi hiyo, kwa sababu aliijua kazi yake na miguu yake ilimfikisha kwenye kila kona ya kazi hiyo. Mei 2016, akiwa Toronto, alichukua ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa mtoano dhidi ya Cleveland.

Oscar Tshiebwe alizaliwa mji huo huo mwaka 1999, na kimo chake kinakaribia kile kile. Msimu wa 2021-22, Chuo Kikuu cha Kentucky, alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mchezo na akazoa tuzo za mchezaji bora wa vyuo nchini Marekani. Juni 2023 drafti nzima, nafasi zote, ikapita bila jina lake kuitwa. Ilibidi aingie kupitia mkataba wa njia mbili na Indiana Pacers, unaomweka mchezaji nusu kwenye ligi kubwa na nusu kwenye ile ya vipaji, na baadaye akaenda Utah Jazz. Mwaka 2009 wachaguzi waliona mikono ya Hasheem wakasahau miguu. Mwaka 2023 walikuwa wameikumbuka miguu, wakaona ya Tshiebwe haiwezi kuwafuata wafupi nje, wakasahau kwamba ribaundi 15 kila usiku hazidondoki kutoka mbinguni. Na katikati ya hapo, 2014, walimwacha Nikola Jokić mpaka nafasi ya 41, Mserbia mzito asiyeruka, ambaye ameshakuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu.

Anayenipa matumaini zaidi ni Khaman Maluach. Alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006, familia ikakimbilia Uganda, akakulia Kawempe, Kampala, akitembea mwendo mrefu kwenda uwanjani. Urefu wake unapita mita 2.1. Kikapu alianza akiwa na miaka kama 13, si mapema sana kuliko Hasheem. Tofauti iko katika kilichofuata. Alienda kwenye akademi ya NBA huko Saly, Senegal, akacheza Ligi ya Afrika ya kikapu na wanaume wazima, miongoni mwa timu zake ikiwa City Oilers ya Kampala. Akiwa na miaka 17 alivaa jezi ya Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris 2024, kisha akacheza mwaka mmoja Duke, na 2025 akachaguliwa wa 10, akaishia Phoenix. Kabla drafti haijamfikia, alikuwa ameshapigwa viwiko na watu wenye watoto wao. Siwezi kusema atafika wapi. Ninachosema ni kwamba safari hii mtu alihesabu saa zake za kucheza, na nyingi kati ya hizo alizichezea barani Afrika.

Tabora mjini

Mji huu unajua kukusanya vijana. Mashindano ya kitaifa ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, yameletwa Tabora miaka ya karibuni, na watoto wa mikoa yote wamelala kwenye mabweni ya shule zilizomlea Nyerere na wengine wengi. Jioni nilipita Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, nikawakuta vijana wakikimbia raundi zao, warefu na wafupi.

Nilimpigia simu mwalimu wa Ziba kumshukuru. Baada ya salamu akaniambia Hashimu ameshaanza netiboli. Siku ya kwanza aliadhibiwa kwa kutembea na mpira kila alipoushika, na yule msichana mfungaji akachoka kungoja filimbi, akamshika mabega akamwonyesha: mguu huu usiondoke. "Sasa anageukia kushoto pia," mwalimu akasema. Nikamwomba jambo moja zaidi. Aanze daftari la vijana wake warefu, wavulana kwa wasichana, na badala ya kuandika sentimita peke yake, aandike kila mwezi: wamecheza michezo mingapi, dakika ngapi, mchezo gani mwingine, wanatua kwa miguu mingapi, wanageukia wapi. Daftari hilo likiwa na miaka mitatu ya kurasa, mwalimu wa mkoa atakayekuja kuteua timu ya UMISSETA atakuwa na cha kusoma kabla hajainua kichwa kutazama nani mrefu.

Akaniuliza aandike pia uzito. Nikamwambia aandike, mwishoni, kwenye safu ndogo.